Nakala ya Tatu

Barnabas Loomis alijifundisha kusoma kwa mawe ya makaburi na vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi. Baba yake alikuwa mtengeneza mapipa, na hakuona faida ya shule. Labda ndiyo sababu Loomis, alipopata kazi ya ukarani katika ofisi ya barua za mabalozi pale Philadelphia, aliishika kwa mikono miwili. Alikuta barua za Ulaya zimerundikwa ndani ya pipa la unga, yeye akachonga kabati lenye matundu arobaini na nane, akabandika jina la kila balozi na kila mwaka. Watu wa Bunge walipoingia kutafuta karatasi walisema, "Muulize Loomis," na mambo yakaisha.

Barua moja ya balozi haikuwa barua moja. Iliandikwa mara tatu au nne, kila nakala ikapanda meli yake, kwa sababu Marekani ilikuwa ikipigania uhuru wake na manowari za Waingereza zilikuwa zimetapakaa baharini, na nahodha aliyekaribia kukamatwa alikuwa na amri ya kuutupa mkoba wa barua majini, umefungwa vipande vya madini ya risasi ili uzame upesi. Nakala moja ikifika, inatosha. Zikija nyingine baadaye, ni za kujaza kabati tu. Loomis akiona maneno "Nakala ya pili" au "Nakala ya tatu" juu ya ukurasa, alitazama tarehe, akalinganisha na daftari lake, kisha akaandika mgongoni mwa karatasi: "Ya kwanza imekwisha pokewa. Haina jipya." Halafu akaichomeka kwenye tundu lake. Kwa miaka minne alifanya hivyo mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na hakuna aliyewahi kumkosoa.

Mwaka ule wa 1781, kila Jumanne alikuja mwanamke mmoja ofisini, amevaa joho la kijivu, kikapu cha kufumia kikiwa mkononi. Alikuwa Keziah Pomeroy, mke wa Thaddeus Pomeroy, balozi wetu kule Uholanzi. Barua za mumewe za nyumbani zilikuja ndani ya mkoba wa serikali, na alipenda kuzichukua kwa mkono wake. Lakini si barua za mumewe zilizomleta. Asahel, mwanawe wa pekee, tabibu msaidizi wa meli ya vita, alikuwa amekamatwa mwaka uliopita, akafungwa katika gereza moja la pwani ya kusini ya Uingereza.

"Kuna neno la Asahel, Bwana Loomis?"

"Bado, Bi Pomeroy."

"Wafungwa wanabadilishwa kila siku. Nimesoma gazetini. Juzi wametoka kumi na wawili."

"Ni kweli, Bi."

"Na baba yake ni balozi." Alikuwa akisema hivyo, kisha akarudi kwenye sindano zake za kufumia, kama mtu anayengoja karani akanushe.

Loomis hakukanusha. Mji mzima ulijua alichosema Bwana Pomeroy mezani siku alipoagwa: kwamba ofisi ya umma si ngazi ya kupandishia watoto wake. Watu walipiga meza kwa kumsifu. Mkewe pia alipiga meza siku ile, kwa kuwa Asahel alikuwa amekaa pembeni yake, anakula nyama ya bata mzinga.

Mwenzake Loomis, Matthias Oberholt, Mjerumani mnene mwenye ugonjwa wa jongo miguuni, alikuwa akimwonea huruma yule mama kwa namna yake.

"Mume wa namna ile ningempiga na kikaango," alisema siku moja mama yule alipotoka. "Heshima, heshima! Heshima inalala na mtoto gerezani?"

"Hatujui mambo yake, Matthias."

"Wewe hujui mambo ya mtu yeyote. Paka akila samaki mbele yako, utasema tungoje ushahidi."

Habari zilikuja mwezi wa Oktoba. Bwana Pomeroy alimwandikia mkewe mistari mitano tu: Asahel alifariki kwa homa gerezani, tarehe tisa Agosti, amezikwa pamoja na wengine saba, Mungu ametoa na Mungu ametwaa, sikuweza kumwokoa. Loomis alimkabidhi barua hiyo mwenyewe, na hakujua ina nini mpaka alipomwona mama yule ameiweka chini, ameshika ukingo wa meza yake kwa mikono yote miwili.

Baada ya siku nne alirudi. Macho yalikuwa yamevimba, hata mlango alikuwa akiupapasa.

"Nimeandika barua kwa mume wangu," alisema. "Naomba uninakilie mbili. Mimi mistari siioni tena."

Loomis alinakili. Barua haikuwa ndefu. Ilisema: Ulitamka neno mezani, nalo umelishika. Mwenye ufunguo alikuwa wewe, na ulikaa nao mfukoni ili usifiwe na watu wasiomjua mtoto wetu. Sitaki maelezo. Vita vitakapokwisha na ukarudi, tafuta nyumba nyingine, maana katika hii hakuna kiti chako.

Alikuwa na desturi ya kutofikiri chochote anaponakili, lakini siku ile alifikiri. Aliwaza kwamba mama ana haki. Akaona aibu kuwaza hivyo juu ya mume ambaye hakuwahi kusikia upande wake, ila wazo halikutoka. Ya kwanza iliondoka na meli ya Kapteni Hallet, ya pili na meli ya Kapteni Bream. Ya tatu ilibaki mezani kwake ikingoja chombo.

Katikati ya Novemba mkuu wa ofisi alitaka barua zote za Uholanzi zinakiliwe upya katika daftari moja zuri. Loomis alianza na mwezi wa Januari. Alipofika kwenye barua ya tarehe mbili Februari, alikuta ile nakala ya kwanza haipo. Mbunge mmoja wa kusini alikuwa ameiazima, akarudi nayo kwao. Si kitu. Alichukua nakala ya tatu. Mgongoni ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: "Imepokewa Aprili 24. Ya kwanza imekwisha pokewa. Haina jipya."

Alinakili kurasa tatu za mambo ya mikopo na bandari. Alipofika kwenye sahihi ya balozi, aliinua kalamu aichovye wino kwa ajili ya barua inayofuata, ndipo akaona kwamba chini ya sahihi maandishi yanaendelea, kwa herufi ndogo, mpaka ukingoni mwa karatasi.

"Februari 19. Nakala ya kwanza imekwisha kuondoka. Kwa kuwa meli ya hii imechelewa, naongeza haya hapa, na nimeyaongeza pia chini ya nakala ya pili. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu naomba jambo la nyumbani kwangu. Rafiki mmoja wa London ananihakikishia kwamba mwanangu Asahel ataachiliwa akibadilishwa na Kapteni Dunsley, Mwingereza mliyemfunga kule Lancaster. Inatakiwa barua ya Bunge tu, ifike kabla ya Julai kwisha. Mke wangu msimwambie mpaka liwe limekamilika, asije akatumaini bure. Mkiona ombi hili halifai kwa mtu wa cheo changu, msijisumbue kunijibu. Nitaelewa."

Loomis alisoma mara tatu. Nakala ya pili alijua ilipo: ilizama Machi, pamoja na mkoba mzima. Kapteni Dunsley naye alimjua. Alibadilishwa mwezi wa Juni na kanali wetu mmoja ambaye mjomba wake alikuwa na sauti.

Oberholt alimwona ameinama bila kuandika. "Una nini? Umemeza sindano?"

Loomis alimpa karatasi. Oberholt alisoma polepole, midomo ikitikisika, akaigeuza, akaona mwandiko wa mgongoni. Aliinuka akafunga mlango.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza, Loomis bwana. Anayejua ni mimi, wewe, na jiko lile pale. Jiko halisemi."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Kijana amekufa. Ungekuwa unamfufua, ningekubeba mgongoni mimi na jongo langu mpaka kwa mama yake. Lakini unakwenda kumwambia nini? Kwamba angekuwa hai? Hiyo ndiyo zawadi unayompelekea?"

"Anamtupa mumewe kwa kosa langu."

"Mume yuko Uholanzi, anakula jibini. Atavumilia." Kisha akapunguza sauti. "Na wewe una miaka hamsini na miwili. Wakikutoa hapa utarudi kwenye mapipa?"

Loomis alitazama kabati lake. Alihesabu, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu: kutoka Aprili ishirini na nne mpaka mwisho wa Julai kulikuwa na wiki kumi na nne kamili. Meli nzuri huvuka kwa wiki sita. Muda ulikuwepo, na mwingine wa kubaki. Aliiweka karatasi kifuani ndani ya koti, pamoja na ile barua ya mama iliyokuwa ikingoja chombo, akatoka bila kofia.

Bi Pomeroy alikuwa uani nyuma ya nyumba yake, Mtaa wa Spruce, amesimama mbele ya sufuria kubwa la chuma lililokuwa likichemsha maganda ya jozi na misumari yenye kutu. Alikuwa anatia nguo zake rangi nyeusi ya msiba. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na magauni mawili yalikuwa tayari kwenye kamba, yakichuruzika maji.

"Bwana Loomis. Leo si Jumanne."

"Hapana, Bi."

"Kuna barua?"

"Ipo. Ni ya zamani."

Akanyoosha mkono, kisha akautazama, akaurudisha. "Nitaichafua. Nisomee wewe."

Hilo Loomis hakulitegemea. Njia nzima alikuwa amejiona akimpa karatasi na kutazama chini. Sasa ilibidi asome kwa sauti yake, pale uani, moshi ukimwingia machoni. Alisoma kuanzia "Februari 19" mpaka "Nitaelewa". Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, aliigeuza akasoma na maneno ya mgongoni, mpaka "Haina jipya."

Bi Pomeroy alikuwa bado ameshika kijiti cha kukorogea. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Hayo ya nyuma yameandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Aprili ishirini na nne ilikuwa siku gani?"

Loomis alijua, alikwisha kutazama katika kalenda. "Jumanne, Bi."

"Nilikuja."

"Ulikuja."

"Nikakuuliza."

"Ukaniuliza, nikasema bado. Karatasi ilikuwa imekwisha kuingia kabatini, kama hatua mbili kutoka ulipokaa. Sikuisoma mpaka mwisho. Nakala huwa hatuzisomi."

Alingoja apigiwe kelele. Alikuwa amejitayarisha kwa kelele. Mama yule alilitazama sufuria, akalikoroga, akainua kitambaa kwa kijiti kuona rangi imeshika vipi, akakirudisha. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu.

"Zile barua zangu," alisema hatimaye. "Ziko wapi?"

"Mbili ziko baharini. Ya tatu ninayo hapa."

"Itie motoni."

Loomis aliitoa kotini, akainama, akaisukuma chini ya sufuria. Ikashika moto upesi.

"Sasa ingia ndani. Wino uko dirishani. Andika kwa mume wangu, kwa jina lako, kwa mkono wako. Mwambie ulivyonisomea mimi. Usijipambe na usijilize. Chini yake sema barua yangu ya Oktoba aihesabu kama haikuandikwa."

Loomis alipofika mlangoni aligeuka. "Niandike kwamba umemsamehe?"

"Nimsamehe nini? Hakukosa. Anayetaka kusamehewa hapa ni wewe, Bwana Loomis, na mimi leo sina msamaha. Pengine kesho nitakuwa nao. Leo nimetafuta, haupo."

Aliandika. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa ofisi akaeleza yote. Mkuu alisikiliza huku akitafuta miwani yake, akasema ni jambo la kusikitisha sana, na kwamba akimfukuza kila aliyekosea atabaki kuandika peke yake. Alimwondoa kwenye kupokea barua, akamwacha kwenye kunakili. Kabati akapewa Oberholt, ambaye kwa wiki nzima hakufanya mzaha hata mmoja.

Barua ya Loomis ilinakiliwa mara tatu. Ya kwanza ilitoka Desemba. Zile mbili zilikwama, mto ulipoganda mapema na meli zikasimama gatini mpaka mwezi wa Machi. Kila asubuhi alipita ukingoni kutazama barafu. Waliomfahamu walidhani anapunga hewa.

Katikati ya Machi Oberholt alimwita mezani. Mbele yake kulikuwa na barua yenye lakiri nyekundu, mwandiko wa Bwana Pomeroy, kwa mkewe.

"Ipeleke wewe," alisema Oberholt. "Mimi miguu inaniuma." Jongo lake lilikuwa limepoa tangu mwezi uliopita.

Loomis aliipeleka. Bi Pomeroy alivunja lakiri wakiwa wamesimama ukumbini, yeye katika gauni lake jeusi ambalo rangi yake ilikuwa imeanza kugeuka hudhurungi kwenye mishono. Alisoma, kisha akampa Loomis karatasi. Ilikuwa imeandikwa mwanzoni mwa Januari.

"Keziah, barua yako ya Oktoba nimeipata kwa mkono wa Kapteni Hallet. Kila neno lake ni haki. Niliomba kwa Bunge, halikunijibu, nikaelewa kwamba limekataa, na nikaona vema kunyamaza. Baba mwingine angeomba mara ishirini. Angepiga magoti. Mimi niliomba kwa adabu. Silaumu mtu. Nyumba na vyote vilivyomo ni vyako. Muda wangu hapa unakwisha mwaka huu. Nitashukia Salem, nikae kwa dada yangu, nisikusumbue. Vitabu vya Asahel tafadhali usivigawe."

"Hajaipata yako," alisema Bi Pomeroy.

"Alipoandika hii, alikuwa hajaipata. Pengine amekwisha kuipata sasa."

"Pengine?"

Loomis hakupenda kusema, lakini alikwisha jifunza gharama ya kutosema. "Meli ya Desemba ilikamatwa karibu na visiwa vya Azores. Habari imekuja jana. Nahodha alitupa mkoba."

"Na zile mbili?"

"Zimeondoka juzi tu, barafu ilipopasuka. Hazijulikani."

Alikaa kwenye ngazi, hapo hapo, kama mtu aliyechoka kwa safari. "Kwa hiyo leo hii, tunavyozungumza, anaamini mimi naamini kwamba alimwacha mtoto afe. Naye ameanza kuamini hivyo."

"Ndiyo, Bi."

"Meli inayofuata ni lini?"

"Alhamisi. Ya Kapteni Rudd, kwenda Nantes, Ufaransa. Nyingine wiki ijayo, na mbili mwisho wa mwezi."

"Karatasi ziko palepale," alisema.

Loomis aliandika tena mambo yaleyale, maana hayakuwa na namna nyingine ya kuandikwa. Alipomaliza, mama alisimama nyuma yake, akasoma juu ya bega lake tangu mstari wa kwanza. Akaomba kalamu. Macho yake hayakuwa yamepona sawasawa na herufi zilikwenda mteremko, lakini aliandika mwenyewe, juu kabisa, penye nafasi iliyoachwa kwa tarehe: "Thaddeus, usishukie Salem. Njoo nyumbani."

Kisha akaisukuma karatasi kuelekea kwa karani.

"Nyingine tatu," alisema. "Leta, niandike kila moja."

Loomis alinakili nyingine tatu, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, na mama akaandika mstari uleule juu ya kila moja, akisimama kila mara kuchovya kalamu. Ya mwisho alikosea akarudia. Loomis alizinyunyizia mchanga wa kukausha wino, akazikunja, akazitia ndani ya koti, akashika njia ya gatini kumtafuta Kapteni Rudd kabla hajafunga mkoba wake. Mvua ya theluji ilikuwa imeanza tena, nyembamba. Mtoni vipande vya barafu vilikuwa vikipita kuelekea baharini, na hakuna meli iliyoonekana ikiingia.